Kanga Yako Katika Maporomoko ya Kasindwe

Nyumba za Reli,
Stesheni ya Usinge,
Kwa njia ya Tabora.
26 Aprili, 1954.

Mpendwa Mjomba Wenceslaus,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Justus na watoto, na kwamba kikohozi ulichotuandikia wakati wa Kwaresima kimekuacha. Je, mvua za Bukoba bado hazijui kupumzika? Na mguu wa Mama Justus ulioteguka, sasa anaukanyagia vizuri?

Sisi huku hatujambo. Baba hajambo, yuko kazini stesheni kama kawaida. Kahawa ya kutafuna uliyotutumia ilifika salama. Baba anasema ni chungu mno, lakini mfuko umekwisha na mlaji mwingine sikumwona. Mama naye hajambo, tena hajambo kuliko alivyokuwa kwa muda mrefu, na sababu yake ndiyo inayonifanya nichukue karatasi nyingi hivi. Tafadhali kaa mahali penye mwanga, Mjomba, maana nimeandika herufi ndogo.

Mimi niko nyumbani kwa likizo ya Pasaka na nitarudi shuleni Tabora wiki ijayo. Nimekuja na rafiki yangu Tekla, mtoto wa Itetemia, karibu na Tabora, tunayesoma naye darasa moja. Yeye alikuwa hajawahi kufika huku mwituni, na siku ya kwanza aliuliza kama simba hupiga hodi.

Barua yako ya Februari niliisoma mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika. Nashukuru sana kwamba ulikwenda mwenyewe kuzungumza na Sista wa chuo cha wakunga cha huko kwenu, na kwamba amekubali kuniwekea nafasi ya Januari. Ulisema anataka jibu kabla ya mwisho wa Mei, na kuchelewa kwetu kujibu pengine kumekuudhi. Nisamehe. Baba alikubali siku ileile, lakini alisema kwa kuwa wewe ni ndugu wa Mama, neno la mwisho ni la Mama. Na Mama alikataa. Hakukataa kwa hasira. Aliikunja barua, akaiweka chini ya sanamu ya Bikira Maria, akasema, "Ziwa limekwisha kunila kaka. Halitanila na mtoto."

Habari ya mto Malagarasi unaijua wewe, mimi nimesimuliwa tu. Nasikia mlikuwa wadogo, mnatoka Uvinza na Babu Shilinde, na mtumbwi wa magome ukapinduka, na chumvi yote ya safari nzima ikayeyuka mtoni. Nasikia wewe ulitolewa majini unacheka, na Mama alitolewa hasemi, na hakusema mpaka mlipofika nyumbani. Mpaka leo Mama hufulia nguo kwenye beseni. Mtoni hashuki. Nadhani ndiyo sababu umeishi huko Bukoba, ng'ambo ya ziwa, miaka yote hii naye hajaja kukuona, ingawa hajawahi kuitaja sababu hiyo, wala sisi hatukumuuliza.

Sikumsumbua. Shuleni tumefundishwa kwamba mtoto huomba mara moja kwa adabu, kisha humwachia Mungu. Basi niliomba mara moja, na Mungu nikamwachia, lakini sikuacha kufikiri. Nikawaza kwamba Mama akiniona ninajua maji, labda hofu yake itapungua kidogo. Ndipo niliposikia habari za Kasindwe.

Kasindwe ni maporomoko ya maji, ndani sana ya mwitu, ambako milima midogo ya mawe inaanza. Hakuna kijiji karibu, ni warina asali tu wanaopita kuangalia mizinga yao. Mtu wa hapa Usinge anayejua njia vizuri ni Bwana Saidi, mlinzi wa kizuizi cha mbung'o, wale inzi waletao malale. Kila apitaye barabara ya msituni lazima asimame kwake akaguliwe kwa wavu, asije akawachukua wadudu hao mpaka majumbani. Baba yake Bwana Saidi alikuja na msafara kutoka pwani zamani zile, akaugua miguu hapa, wenzake wakaendelea na safari ya Ujiji, naye akabaki akaoa. Kwa hiyo Bwana Saidi ni Mzaramo asiyepata kuiona bahari, na sisi Wanyamwezi, wajukuu wa wapagazi, ni watani wake. Sijui huko mliko kama mnao watani, Mjomba. Hapa Usinge Mzaramo ni yeye peke yake, basi utani wote ambao ungetosha kabila zima umemwangukia yeye, naye anaufanya kwa bidii kama kazi ya serikali.

Mke wake, Bi Zamda, ni mtu wa Ujiji. Amekulia ufukoni mwa ziwa Tanganyika na anaogelea tangu hajaota meno, ndivyo asemavyo mwenyewe. Yeye ndiye aliyeahidi kutufundisha mimi na Tekla. Mama alikubali twende kwa sharti kwamba naye mwenyewe awepo, na sisi tuoge ukingoni tu. Zaidi ya hayo alikuwa na hamu ya uyoga, maana mwaka huu umeota kwa wingi.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Mjomba, nilipanda kiberenge! Baba alituombea kwa watu wa genge la reli waliokuwa wakienda kukagua njia, wakatuchukua mpaka penye daraja dogo na kuahidi kutupitia jioni. Hewa ilikuwa baridi na nyasi za pande zote mbili zilikuwa ndefu kuliko sisi, zenye umande, na kiberenge kilipita katikati yake kikilia kama cherehani. Tekla alishika rozari kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine. Mimi nilitamani kisifike upesi.

Tuliposhuka tu, Bwana Saidi, aliyekuja na wavu wake wa kazi ingawa hakuwa kazini, akatusimamisha.

"Simameni hapo! Nani kati yenu amebeba mbung'o?" Akampepea Mama kwa wavu mbele na nyuma. "Huyu hana kitu. Mbung'o humkimbia Mnyamwezi, ananuka mizigo ya babu yake."

Mama alikuwa akikaza kanga kiunoni. Hata hakumtazama. "Na wewe wakikuuma, wanaolala ni wao. Damu ya Mzaramo ni usingizi mtupu."

Tekla alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilishangaa, maana unajua Mama nyumbani si mtu wa maneno mengi. Kumbe utani ni kama mlango mwingine wa nyumba yake, ambao sikuwa nimeuona ukifunguliwa.

Bwana Saidi alifunga kitambaa chekundu kwenye fimbo, akatangulia mbele, akisema yeye ndiye kirangozi, yaani yule kiongozi wa msafara wa zamani, na kwamba atakayempita atatozwa faini ya kuku. Tulifuata njia ya misafara kwa muda. Bado inaonekana, Mjomba. Ni kama mfereji, imechimbwa na nyayo tu, na katikati yake miti imekwisha kuota minene. Nilivua viatu ili nikanyage pale walipokanyaga babu zetu. Mama aliniona, na baadaye kidogo nikamwona naye amevua vyake.

Kisha tukaiacha njia hiyo tukaingia mwituni. Uyoga ulikuwa chini ya kila mti. Mama alijaza kikapu chake hata kabla jua halijawa kali, akaufunika kwa kanga ile nyekundu uliyomletea siku ya kipaimara changu, mara yako ya mwisho kuja kwetu. Huivaa Noeli na Pasaka tu. Siku hiyo aliichukua, nadhani, kwa sababu Oktava ya Pasaka ilikuwa haijaisha. Au kwa sababu nyingine, sijui.

Kasindwe huanza kusikika kabla hujapaona. Kwanza nilidhani ni garimoshi la mbali, kisha ardhi ikaanza kutetemeka kidogo chini ya miguu, kisha miti ikafunguka. Mjomba, nimetumia maneno yote niliyofundishwa katika insha na hayatoshi. Maji yanatoka juu ya jabali jeusi kama kitambaa cheupe kinachofunuliwa bila mwisho, yanaangukia katika bwawa la duara lenye rangi ya kijani, na moshi wake wa baridi unakulowesha ungali mbali. Katikati ya bwawa kuna jiwe bapa kama meza. Upande wa chini maji yanatoka kwa kupita kati ya mawe mawili, yakaanguka tena mara ya pili, lakini si sana. Niliuliza habari ya mamba. Bwana Saidi akasema mamba wa Usinge ni wavivu, hawapandi milima, wamejifunza kwa Wazaramo. Nafurahi kwamba hiyo aliisema mwenyewe.

Yeye akaenda kukaa nyuma ya jabali moja la ukingoni, akatugeuzia mgongo, akawasha moto wa kuchoma mahindi. Sisi wasichana tukavaa magauni yetu ya zamani, tukaingia na Bi Zamda. Maji yalikuwa baridi hata nikasahau sala niliyokuwa naisali.

Kuogelea si nguvu. Hilo ndilo nililojifunza kwanza. Nilipolala juu ya mikono ya Bi Zamda, kila mara miguu ilizama, naye akawa ananipiga shingo kidogo kidogo.

"Unakaza shingo kama umebeba mtungi, mwanangu. Tua mtungi."

"Sina mtungi, Bi Zamda."

"Unao. Tua."

Sijui niliutua saa ngapi. Nakumbuka tu kwamba masikio yaliingia majini, sauti ya maporomoko ikawa ya mbali na nzito, na nikaona mawingu, na mikono ya Bi Zamda haikuwepo tena mgongoni. Nilikuwa nimelala juu ya maji, Mjomba! Peke yangu! Kisha nikajifunza kupiga miguu na kuvuta mikono, nikavuka sehemu ndogo ya ukingoni, nikarudi. Tekla naye alivuka, ila yeye alivuka kwa kupiga kelele. Niligeuka kumwonyesha Mama, lakini Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe na ameyapa maji kisogo, anachambua uyoga.

Hapo ndipo watani walipofanya kazi yao. Mama alipoinama kutoa mwiba mguuni, Bi Zamda, ambaye kwa kuolewa na Mzaramo ni mtani wetu pia, alipita nyuma yake, akakichukua kikapu, akakitia kichwani, akaingia nacho majini kwa mwendo wa mtu aendaye sokoni, penye kina akaogelea kwa mkono mmoja, akaenda kukiweka juu ya lile jiwe la katikati.

"Mnyamwezi!" Bwana Saidi akaita kutoka kule nyuma, mgongo wake ukiwa bado kwetu. "Nasikia kikapu chako kimetekwa! Ukikitaka, njoo ukikomboe mwenyewe. Mjumbe hatupokei!"

"Geuka basi nikukomboe meno!"

"Siwezi kugeuka, wanawake wanaoga. Mimi ni mtu wa adabu."

"Adabu baba yako aliiacha Bagamoyo!"

Unajua kanuni, Mjomba. Kitu kilichotekwa na mtani hukipati kwa hasira, na ukikasirika wewe ndiye umekosa. Mama akasema kwamba uyoga ni wao, wale mpaka washibe, yeye hakanyagi maji kwa ajili ya uyoga. Akakaa tena na kisogo kwa bwawa. Nilielewa kwamba Bwana Saidi alitaka tu aloweshe miguu, acheke, basi. Lakini nilimwona Mama akisogea mbali zaidi na maji, nikajua kwamba Januari yangu imekwisha pale pale.

Bi Zamda alikuwa upande wa pili akimshika Tekla. Mimi nilikuwa nimesimama penye kina cha kiuno. Upepo wa maporomoko ukavuma ghafla, nami nikaona kanga yako inainuka juu ya kikapu, inateleza juu ya jiwe, inaingia majini, na kuanza kwenda polepole kwenye yale mawe mawili. Niliita. Sauti yangu haikusikika hata kwangu mwenyewe.

Nilikwenda, Mjomba. Sikukumbuka ushujaa wala ruhusa. Nilifikiri tu kwamba ile ni kanga yako na Mama hana nyingine kutoka kwako. Katikati miguu ilitafuta chini isipate chini, na shingo yangu ikaanza kukaza. Nikasema kwa sauti, tua mtungi, nikanywa maji, nikasema tena moyoni. Niliishika kanga ilipokuwa imekwisha kunasa pembe moja kwenye mojawapo ya mawe yale mawili. Ilikuwa nzito kama mtoto. Nikaliegemea jiwe lile kwa kifua, maji yakinivuta miguu, nikaizungusha kanga mkononi, na baada ya kuvuta pumzi nikageuka.

Mama alikuwa majini.

Alikuwa amesimama, maji yamemfika kifuani, gauni lake limeelea kumzunguka, kilemba kimemtoka, mkono ameunyoosha kwangu, ananiita Milembe. Hilo ni jina langu la nyumbani, hajaniita nalo tangu nilipoanza shule. Hakuna aliyemsukuma wala kumshika. Nadhani hata hakujua amefikaje pale.

Niliogelea mpaka kwake. Si mbali, lakini ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizosafiri. Alinishika, akanibana, sikuweza kupumua, na wala sikujali.

Bwana Saidi alikuwa amesikia ukelele wa Mama akaja mbio, kofia mkononi, uso umembadilika. "Mama Apolinaria," akasema, akamwita kwa jina langu, si Mnyamwezi, "hapa nimekosa. Utani haukuwa hivyo."

Mama akajitazama mwenyewe, akatazama maji yaliyomzunguka, kama mtu anayeamka katika nyumba ya wageni. Akayachota kwa viganja viwili akamtupia Bwana Saidi usoni.

"Hiyo ni nusu ya faini," akasema. "Nusu ya pili, utabeba mizigo yetu mpaka relini. Kichwani."

"Mzaramo abebe mizigo ya Wanyamwezi?"

"Leo ndiyo leo. Na sasa rudi nyuma ya jabali lako, wanawake wanaoga."

Akaenda. Nami nikadhani Mama atatoka. Hakutoka. Alisimama pale, mkono wake umeushika wangu kwa nguvu, mpaka Bi Zamda alipofika na Tekla. Ndipo akamwuliza Bi Zamda, polepole, bila kumtazama, "Hivi huo mtungi, mtu anautuaje?"

Sitasema kwamba Mama sasa anajua kuogelea. Miguu yake ilizama kila mara. Lakini masikio yake yaliingia majini, Mjomba, na aliyaona mawingu, na alicheka kicheko ambacho mimi sikijui, ila pengine wewe unakijua.

Kanga haikuchanika. Uyoga nao haukupotea. Bi Zamda alikirudisha kikapu, tukala mahindi ya kuchoma na maandazi, na wakati wa kurudi Bwana Saidi alitangulia na kikapu kichwani na mizigo yetu mingine juu yake, na Mama ndiye aliyeshika fimbo yenye kitambaa chekundu. Wale watu wa genge walipotuona tunatoka mwituni hivyo walisimamisha kiberenge mbali ili wacheke vizuri. Bwana Saidi akawaambia kwamba amechoka na serikali, ameajiriwa upagazi.

Jana baada ya Misa Mama alikuwa anaanika uyoga juu ya ungo, na kanga yako ilikuwa kwenye kamba. Mimi nilikuwa nafagia uwanja. Hakuinua kichwa.

"Mwandikie mjomba wako," akasema. "Muulize kama melini kuna mahali pa kukaa katikati kabisa, mtu asiyaone maji."

Nilijibu kwamba nitauliza. Nikafagia tena mahali pale pale nilipokwisha kufagia.

"Uliza mahali pa watu wawili. Nitakupeleka mwenyewe. Na huyo kaka yangu aje bandarini, asinifanye nimtafute."

Kwa hiyo, Mjomba, hili ndilo jibu letu, na Mei haijafika. Tafadhali mpelekee Sista shukrani zangu na umwambie nitakuja Januari. Na tafadhali uliza habari ya mahali pa kukaa. Najua watakucheka katika ofisi ya meli, lakini uliza.

Msalimie sana Mama Justus, na Justus, na Bernadeta, mwambie nitamfundisha kulala juu ya maji kama hajui. Baba anakusalimu na anasema kahawa ilikuwa chungu kweli, kwa hiyo utume nyingine aonje tena. Tekla anakusalimu ingawa hakujui. Mungu awakumbatie nyote, awape usingizi mwema na jiko lisilozimika mpaka tutakapoonana kwa macho.

Ni mimi mpwa wako ninayekupenda na kukuheshimu,

Apolinaria Tobias

Nimemsomea Mama barua hii kabla ya kuifunga. Alisikiliza yote, hata pale nilipoandika kwamba alicheka. Amenisahihisha mahali pamoja tu. Anasema pawe katikati, ndiyo, lakini kama kuna dirisha dogo, si vibaya.